Nyumba za Wageni Alizojenga Mbega

Paukwa!

Pakawa!

Upande ule wa akina baba sijausikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa shikeni vifua. Kisa hiki kiliniacha mdomo wazi, na hadi leo sijaufunga vizuri.

Hapo zamani, zamani sana, juu mlimani kwenye ukungu na baridi ya kugonganisha meno, aliishi Bibi Pimbi. Nyumba yake ilikuwa ya msonge, nyasi tupu kutoka kileleni hadi chini. Aliirithi kwa bibi yake, naye bibi yake aliirithi kwa bibi yake. Mvua ilipiga, upepo ukapiga, mvua ya mawe ikapiga, nyumba ikatulia tuli.

Jirani yake alikuwa Mbega. Mnamjua Mbega, yule mwenye manyoya marefu meupe mabegani, anayetembea kama bwana harusi. Mbega akasema atajenga nyumba za wageni, nyumba kama walizojenga wazee wa mlima ule, ili wanyama wa tambarare wanaoungua na jua wapande kupumzika. Wazo zuri, sikatai.

Akaenda kwa Bibi Pimbi kujifunza. Akapima mlango. Akapima nguzo. Akahesabu fito, akahesabu mafundo ya kamba za mgomba, moja moja. Lakini kila Bibi Pimbi alipokoka moto katikati ya nyumba, Mbega alitoka nje mbio. Moshi ungemchafulia mabega! Moto ukizimika, anarudi, anapima. Moto ukiwaka, anatoka. Siku saba nzima, ingia toka, ingia toka.

Kisha akajenga. Ka! ka! ka! Nyumba sita. Ukiziona kwa nje huwezi kuzitofautisha na ile ya Bibi Pimbi. Na pale katikati, mahali pa kukoka moto, Mbega akaweka chungu cha maua.

Mgeni wa kwanza alikuwa Kanga. Huko kwao jua lilikuwa limezidi. Mara mbili alikuwa ametaga, mara mbili mayai yameharibikia kiotani, na hakuwa na mtoto hata mmoja. Aliposikia kwamba mlimani kuna nyumba za baridi, akapanda kwa miguu, cha! cha! cha!, siku tatu. Akataga mayai tisa ndani ya nyumba ya Mbega, akayaatamia.

Masika yakaingia. Chururu, chururu, chururu. Siku ya kumi ya kuatamia, Kanga akasikia harufu ya uvundo. Siku ya kumi na mbili tone likamwangukia mgongoni, to! Akamwita Mbega, akamweleza kwa adabu kwamba paa linavuja, akaomba aruhusiwe kuwasha moto kidogo. Mbega akakasirika. Akamwambia wageni wanapanda mlimani kutafuta hewa safi, siyo masizi, na kwamba nyumba ile ameipima yeye mwenyewe, ufito kwa ufito. Akamletea bakuli la kukingia maji. Bakuli, jamani!

Siku ya kumi na nane, mchana kweupe, Kanga alitoka kidogo kudonoa chakula. Akasikia nyuma yake kwa, kwaa, kisha pwaaa! Akageuka. Nyumba haikuwepo. Palikuwa na lundo la nyasi nyeusi zilizooza, na mayai yake yote tisa yalikuwa chini ya lundo lile.

Wanyama wakaja mbio, wakafukua. Yai la kwanza, zima. La pili, limepasuka. La tatu, limepasuka. Mbega alisimama ameshika kichwa, akirudia kwamba alipima, kwamba haiwezekani, kwamba fito zilikuwa sawasawa na za Bibi Pimbi.

Bibi Pimbi akafika na mkongojo wake. Akaokota ufito mmoja, ukamvunjikia mkononi kama muhogo uliooza. Akatazama katikati ya kifusi, akakiona chungu cha maua.

"Mbega, mjukuu wangu," akauliza, "mafiga yako wapi?"

"Sikuweka, bibi. Moshi unachafua."

"Moshi ndio unaokausha nyasi. Moshi ndio unaofukuza wadudu kwenye fito. Umeijenga nyumba yangu, moto wake ukauacha kwangu."

Wote wakashika midomo. Hata mimi nilipohadithiwa nilishika mdomo. Kitu alichokikimbia siku saba ndicho kilichoishikilia nyumba!

Mayai mazima yalikuwa manne tu. Bibi Pimbi akayabeba hadi kwake, akayalaza karibu na moto, na Kanga akaendelea kuatamia hapo. Baada ya siku nane yakaanguliwa. Chwi, chwi, chwi, vifaranga vinatoka huku vinapiga chafya. Mbega akaja, akasimama mlangoni, akavitazama.

"Hongera, Kanga," akasema. "Wanne, na wote wazima."

"Niliatamia tisa," Kanga akamjibu.

Mbega akainama mlangoni. Akaingia ndani, akaketi kando ya moto. Moshi ukampaka mabega yote mawili, naye hakutoka.

Basi, wakubwa kwa wadogo, nasema wazi asije mtu akajifanya hakusikia: ukitaka kuiga kazi ya wenyewe, usiishie kupima. Kaa nao, waulize, na lile linalokukera kwao uliulize kuliko yote.

Hadithi yangu imekomea hapo. Haya, nyanyukeni.