Uji wa Msamaha

Mola anighufirie, niliwahi kumcheka Bi Mwanamkasi, mpishi wa gereza, nikamwita mjinga.

Shemeji wa Liwali alimwibia Bi Mwanamkasi ng'ombe. Akafungwa asubuhi, adhuhuri Liwali akamnywesha maji ya mtungi wake, akaachiwa. Ndiyo iliyokuwa desturi ya msamaha.

"Na haki yangu, Bwana?"

"Anywaye mtungi wangu hafungwi, mama. Nenda kapike."

Akaenda, akapika. Alasiri akarudi.

"Bwana, wafungwa wote wanadai watoke. Hata yule aliyekuibia farasi."

"Kwa amri ya nani?"

"Yako, Bwana. Uji wao wa leo nimeupika kwa maji ya mtungi wako."

Liwali akahema. "Msamaha wa mtungi nimeufuta."

"Kwa nani, Bwana?"

"Kwa kila aliyeyanywa."

Askari wakamfuata shemeji barazani, alikokuwa akila tende.

Nawe uliyenisikiliza, tafadhali niombee dua.