Bukari Nyeupe ya Kabedi

Maumivu yana mwenyewe. Jirani anaweza kuyaona usoni, mama anaweza kuyalilia, lakini anayeyabeba ni mmoja tu. Na mtu huyo akikosa maneno ya kuyaeleza, walio karibu naye huyapa jina lolote wanalotaka: ukaidi, deko, hata uchawi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kabedi, binti wa Mbuyi na Tharcisse Beya, mwaka ule Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga.

Kabedi alikuwa na umri wa miaka tisa. Alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi, si mbali na mashimo ya mgodi wa Mashamba, ambako baba yake alikuwa karani na babu yake alichimba shaba kabla yake. Maneno aliyoyatamka tangu utoto hayakufika kumi. Kelele zilimchoma kama miiba. King'ora cha mgodi kilipolia, aliziba masikio na kujikunja kama jongoo aliyeguswa. Na chakula chake kilikuwa kimoja tu: bukari, ule ugali wa unga mweupe wa mahindi, uliopoa, ukakatwa vipande vidogo kwa uzi, bila tone la mchuzi, kutoka mkononi mwa mama yake na si mkono mwingine. Samaki alikataa. Sombe, yaani kisamvu, alikataa. Mbuyi alibembeleza, akachapa, akaomba kanisani, mwishowe akanunua uzi mpya na kuendelea kukata. Siku hizi waliosoma wana jina la hali hiyo, usonji. Wakati ule majirani walikuwa na jina lao: mtoto wa kudekezwa.

"Mama Kabedi, wewe njo unaharibisha huyu mutoto," Tshilombo, dada mkubwa wa Beya, alikuwa akimwambia kila alipokuja. "Mulalishe njaa siku mbili, utaona. Njaa ni mwalimu ya bantu bote."

"Nilishajaribu, Yaya," Mbuyi alijibu, kwa neno la heshima kwa dada mkubwa. "Alilala njaa siku tatu."

"Ungefikisha ine!"

Mbuyi alicheka kwa heshima ya wifi yake, lakini moyoni alijisifu. Yeye peke yake alimwelewa Kabedi. Wengine waliona kufuli. Yeye alikuwa na ufunguo.

Kisha kampuni ya mgodi ikaporomoka kama nyumba iliyoliwa na mchwa. Mashine zilinyamaza, mgao wa unga ukakoma, na watu wenye njaa wakatafuta wa kumlaumu. Vijana walipita mitaani wakiimba, "Bilulu, mutoke! Murudi kwenu!" Bilulu ni wadudu, na wadudu hao walikuwa watu waliozaliwa palepale. Asubuhi moja waliingia kwa Beya akiwa angali mezani. Wakampa muda wa kufunga mzigo mmoja. Beya alichukua vyeti vyake. Mbuyi alichukua mfuko wa unga mweupe.

Walihamia kituo cha reli, pamoja na maelfu ya wenzao, chini ya maturubai na mabati yaliyoegemezwa ukutani, wakingoja treni ya kwenda Kasai. Treni haikuja. Mvua ilikuja, kuhara kukaja, misiba ikaja. Vyoo vilikuwa mitaro iliyozungushiwa magunia, na watu walisukumana huko tangu jua linapochomoza. Kabedi alikaa kutwa kwenye pembe ya turubai lao, mikono masikioni, akiyumba mbele na nyuma.

Mfuko wa unga ulidumu wiki tatu, zaidi ya Mbuyi alivyotarajia, kwa kuwa Kabedi alianza kupunguza. Leo vipande kumi, kesho sita. "Mutoto eko na akili," Mbuyi alimwambia mumewe. "Anaona bunga inaisha, anabania." Beya alitikisa kichwa tu. Tangu siku ile ya mezani maneno yake nayo yalikuwa yamepungua.

Unga mweupe ulipokwisha, walipewa unga wa msaada, wa manjano. Mbuyi aliupika, akaupoza, akaukata kwa uzi. Kabedi alinusa, akageuza uso. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu Mbuyi alijifunga kitambaa usoni, akarudi kambini kwa njia ya nyuma ya karakana, mpaka mlango wa Agnès, mwenye asili ya kaskazini mwa Katanga, kwa hiyo hakufukuzwa, jirani yake wa miaka kumi na moja.

"Mbuyi! Unatafuta kufa?" Agnès alimvuta ndani.

"Kabedi hakuli. Bunga ya manjano hataki."

Agnès hakuuliza zaidi. Alitandika kitambaa cha Mbuyi mezani, akakung'utia humo unga wote uliokuwa ndani ya ndoo yake, hata ule ulioganda pembeni akaukwangua kwa kijiko. Halafu akasema bila kumtazama, "Beba. Na usirudi tena, mukwetu. Bwana yangu alishasema, akikukuta hapa ataita bale bijana ya muji. Mi sitaweza kumukataza."

Mbuyi alirudi kituoni akiwa amekumbatia unga kama mtu aliyebeba kichanga. Alipika mchana uleule, watu wakimtazama. Akapoza, akakata, akanyoosha mkono. Kabedi alichukua kipande kimoja, akatafuna polepole, akakitema. Kisha akaushika mkono wa mama yake, akauweka juu ya tumbo lake, akaubana pale kwa mikono miwili.

"Njaa inakuuma?" Mbuyi aliuliza. "Basi kula, mama yangu! Ni ile ya mweupe. Kula!"

Kabedi aliubana mkono tena. Mbuyi akauchomoa kwa hasira. Alikuwa amehatarisha roho yake kwa ajili ya unga ule. Kwa mara ya kwanza maneno ya Tshilombo yalimwingia masikioni kama maneno ya kweli.

Siku tano baadaye treni ilifika. Yalikuwa mabehewa ya mizigo, na kila behewa lilipewa familia kumi na mbili. Ikaenea kauli kwamba watakaosafiri pamoja wale kwanza kwenye beseni moja, ili asiwepo mwenye kinyongo na mwenzake njiani. Watu walinawa, wakakaa mduara. Kabedi peke yake hakusogea.

"Huyu mutoto hakulake," mwanamke mmoja alisema kwa sauti. "Mi ninamuangalia siku mingi. Asiyekula muchana, anakulaka bujiku. Na bujiku anakula nini? Bantu!"

"Kituo hii batoto ngapi balikufa?" mwingine akadakia. "Kama ni ndoki, muchawi, mi sipandi naye."

Tshilombo alimwinamia Mbuyi, akamnong'oneza kwa woga mtupu. "Akule mbele yao. Hata tonge moja. Tukiachwa hapa, batatuua bote."

Mbuyi alimtazama Beya. Beya alitazama reli.

Basi Mbuyi akamega bukari ya manjano, akaichovya katika sombe ili kila jicho lishuhudie, akamweka Kabedi mapajani. Mtoto alifumba mdomo. Mbuyi akambana pua. Mdomo ulipofunguka kutafuta pumzi, akasukuma tonge kwa kidole. Halafu la pili, halafu la tatu. Mkono ule uliokuwa ukimlisha vipande vya uzi ulimziba mdomo mpaka akameza. Kabedi hakupiga kelele. Alimtazama tu mama yake, yeye ambaye kwa kawaida hakumtazama mtu machoni.

"Eh! Kumbe ni mutoto ya bantu!" Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Wakapanda.

Hawajafika kituo cha Tenke, Kabedi alianza kutapika maji ya kijani. Tumbo lilimvimba kama ngoma. Akajiuma kifundo cha mkono mpaka damu ikatoka. Katika behewa lile alikuwamo Muamba, mzee aliyekuwa muuguzi wa zahanati ya mgodi, aliyeporwa mkoba wake na kubaki na mikono mitupu. Alipapasa tumbo lile, akatulia, akapapasa tena.

"Tumbo iko nguvu sawa mbao," alisema. "Mama, ni siku ngapi hajaenda ku choo?"

Mbuyi alimgeukia Tshilombo. Kambini Kabedi alikuwa akiingia chooni mwenyewe na kufunga komeo. Kituoni alimpeleka kwenye mitaro mara moja tu. Harufu na makelele vilimfanya akimbie akilia. Tangu hapo Mbuyi alidhani anakwenda pamoja na watoto wa Tshilombo, na sasa akamuuliza.

"Na batoto yangu?" Tshilombo alishtuka. "Hapana! Mi nilizani anaenda na wewe."

Kituo kizima kilikuwa kimeuliza habari za kinywa cha Kabedi. Za tumbo lake, kwa wiki nne, hakuuliza mtu.

"Hakukataa bukari juu ya kiburi," Muamba alisema taratibu. "Tumbo ilishajaa, bukari haikuwa tena na fasi ya kuingia. Na mutoto wa namna hii, tumbo inamuuma tangu zamani. Ile bukari moja pengine njo ilikuwa haimuumize sana."

Akaomba mafuta, akaomba maji ya moto kutoka kwa dereva. Walimpa vyote, hata yule mwanamke aliyemwita mtoto ndoki alivua kitenge chake kumfunika. Mzee alijaribu kwa saa nyingi. Lakini alichohitaji Kabedi ni hospitali, na hospitali walikuwa wameiacha nyuma, katika mji usiowataka.

Alikata roho kabla ya kituo cha Bukama, treni ikiwa imesimama porini kwa sababu ya kichwa cha treni kuharibika. Wanaume walichimba kando ya reli kwa panga na kipande cha bati. Beya alimlaza binti yake mwenyewe. Kichwa kilipotengenezwa, dereva akapiga honi kuwaita.

Tshilombo alianguka miguuni pa wifi yake. "Unisamehe, Mbuyi. Mi njo nilikuambia umulazimishe. Mi nilizani ni kichwa nguvu tu. Sikujua!"

"Simama, Yaya," Mbuyi alisema. Macho yake yalikuwa makavu kama udongo wa kiangazi. "Wewe hukujua, sababu hakukuambia. Mi aliniambia. Alikamata mukono yangu, akaweka pale panamuuma. Nikamujibu: kula."

Alipandishwa behewani kwa kushikwa mabega. Treni iliondoka polepole kuelekea Kasai, nchi ambayo Mbuyi hakuwahi kuiona, na kile kilima kidogo cha udongo kikabaki porini, bila msalaba, bila jina. Miaka tisa alimlisha, na katika hiyo yote aliamini kwamba ana ufunguo. Alijua uzi, alijua unga, alijua ubaridi wa bukari. Uchungu uliokuwa ndani hakuwahi kuujua, kwa maana adhabu ya kaburi aijuaye maiti.