Kiti cha Mwenyekiti

Wewe unayesikiliza, serikali ikianguka kwa sababu ya kiti, utamshukuru nani?

Hapo zamani, enzi za Chama kimoja na foleni za sukari, kundi la maigizo la Ukumbi wa Umma liliigiza mbele ya Mwenyekiti mwenyewe. Jukwaani Mwenyekiti aliigizwa na Kibwana. Akaketi, mguu wa kiti ukachomoka, akaenda chini miguu juu. Mmoja akacheka, ukumbi ukacheka, kesho yake foleni zikacheka. Waliokwisha kucheka hawakuogopa tena kama mwanzo. Mwaka haukuisha, Chama kikaanguka.

Kibwana alikuwa gerezani. Makachero walikikagua kiti, wakakikuta kizima, wakasema amejitupa makusudi.

Serikali mpya ikatangaza: aliyekiangusha kile kiti atapewa ukumbi. Saumu, mtunza vifaa aliyeishi katika chumba cha mavazi, aliposikia akaguna. Alijua nani na nani watakuja, na kwamba mwenye ukumbi ndiye atakayeamua yeye alale wapi.

Akaja Dokta Mlekwa, mtunzi. "Kile kiti nilikiangusha mimi. Kimo katika mchezo wangu, ukurasa wa tisa."

Saumu aliukumbuka ukurasa wa tisa. Ulikuwa na shairi la mbolea.

Akaja Shaweji, aliyekuwa akigonga muhuri wa ruhusa kwenye kila ukurasa kabla haujaigizwa. "Kile kiti nilikiangusha mimi. Niliiona hatari, nikagonga muhuri makusudi."

Shaweji huyuhuyu aliwahi kufuta kikohozi cha mhusika kwa kuwa katibu wa mkoa alikuwa na kikohozi.

Akaja Kibwana, akichechemea. "Mimi sikukiangusha, kiliniangusha. Lakini nilipigwa miezi kumi na mmoja nimtaje aliyenituma, sikumtaja mtu."

"Ungemtaja nani, na hukumjua?" Shaweji akamkata.

"Ningekutaja wewe. Wenzangu wa selo walinishauri hivyo."

Waziri aliyeletwa kutoa ukumbi akaamuru kila mmoja aonyeshe jukwaani ilivyokuwa. Dokta akaketi kwa kishindo. Kiti kikatulia. Akageuka kwa Shaweji: "Labda muhuri wako ndio unaokishikilia." Shaweji akaketi, akajirusharusha kama mtoto kwenye godoro. Kiti kikatulia. Watu wakaanza kucheka, waziri hakucheka.

"Hiki ndicho kiti chenyewe?" akauliza.

"Ndicho," Saumu akajibu.

"Mbona kizima?"

Kibwana akamgeukia Saumu.

"Dada Saumu, vifaa vyote ulivitunza wewe. Ukumbi baadaye. Kwanza niambie nilipigwa kwa ajili ya nini."

Saumu angeweza kusema hajui. Wenzake walikuwa wakisema makubwa zaidi ya hayo bila kupepesa macho. Akapanda jukwaani, akakigeuza kiti juu chini, akagusa skrubu mbili.

"Hizi nilizichomoa mimi. Kitanda changu kilikuwa kinayumba na madukani hazikuwapo. Nikadhani zilizobaki zinatosha. Ulipoanguka niliogopa, nikazirudisha kabla makachero hawajafika. Ndiyo maana walikikuta kizima, kaka. Ndiyo maana walikuchukua wewe. Mimi nikanyamaza."

Haya, waziri ameshika funguo na anakutazama wewe. Aliyedai ameandika, aliyegonga muhuri, aliyepigwa, na aliyechomoa skrubu kisha akazirudisha. Je, ukumbi anastahili nani?