Mtoto wa Mzungu Aliyekataa Kupiga Chafya

Kaeni, wajukuu zangu, kaeni hivyo hivyo na mahindi yenu, mikono ipukuchue na masikio yasikie. Kisa hiki ni cha enzi ambazo ninyi hamkuwapo, wala mimi sikuwapo, na waliokuwapo hawakujua kwamba watakuja kusimuliwa. Mko?

Tuko, kogo, bibi yetu!

Basi twendeni.

Enzi zile nyanda hizi za Uasin Gishu zilikuwa mikononi mwa Wazungu. Si kwamba walizikuta tupu, hapana. Walizikuta na wenyewe, wakawaambia wenyewe, kuanzia leo ninyi ni wageni, mkitaka kukaa mtufanyie kazi. Mtu akawa skwota kwenye malisho ya babu yake. Msiniulize kwa nini. Waulizeni waliofanya.

Na hao Wazungu msidhani walikuwa kitu kimoja. Thubutu! Walikuwapo Waingereza, na walikuwapo Makaburu waliokuja kutoka kusini na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Waingereza walikuwa na Klabu yao pale Sisibo, ndiyo Eldoret ya leo, na Kaburu hakukanyaga. Walikuwa wamepigana vita huko kusini, na vita vile walihama navyo kama mtu anavyohama na kunguni. Walikaa jirani, mto ukiwa katikati, wasipeane hata moto.

Sasa, kulikuwa na Mwingereza mmoja aitwaye Bwana Halsted. Kaka yake aliuawa na Makaburu katika vita vile, na picha ya marehemu ilitundikwa sebuleni. Mkewe, Memsabu Edith, alikuwa mtu mpole, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mumewe, maana yeye alikulia Afrika. Kwenye shamba hilo aliishi Tabarno, aliyemzaa mama yangu. Tabarno alikuwa mkunga. Mikono yake ilikuwa imepokea watoto wengi hata akaacha kuwahesabu.

Memsabu akapata uchungu mwezi wa masika. Mvua inanyesha, barabara ni tope, gari la daktari limezama njiani. Bwana Halsted akatoka barazani, akatazama mvua, akaingia. Akatoka tena, akatazama mvua, akaingia. Mwisho akasema, "Ita ile mama."

Tabarno akaja na mke mwenzake Taprandich, na kabla ya adhuhuri mtoto alikuwa nje, wa kiume, mwekundu, mzima kabisa. Mambo yakaisha hapo? Hayakuisha. Mtoto akakataa ziwa. Siku ya kwanza akalia. Siku ya pili akalia. Siku ya tatu hakulia sana, na hilo ndilo lililomtisha Tabarno. Aliogopa kwa ajili ya mtoto, na aliogopa kwa ajili yake mwenyewe, kwa kuwa mtoto wa Mzungu akifia mikononi mwa mama mweusi, nani ataulizwa?

Akamwambia Memsabu, "Mtoto huyu hajaitwa. Anamngoja mtu wake."

Ninyi mnajua alichomaanisha, kwa sababu nanyi mlipewa majina hivyo. Mtoto akizaliwa, akina mama humwekea chembe ya ugoro puani, wakaita majina ya jamaa waliokwisha kufa, mmoja mmoja. Jina analolipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Wewe Chemutai usicheke, wewe uliwachosha watu tangu alfajiri hadi saa nne.

Bwana Halsted aliposikia akafoka. "Mimi hapana taka mambo ya shenzi kwa nyumba yangu! Daktari nakuja!"

"Daktari yuko kwenye tope, Bwana," akasema Tabarno.

Memsabu akasema kwa sauti ndogo, "Waache. Tafadhali."

Bwana akamtazama mtoto. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka. Basi yule mtu akaenda mwenyewe kuleta kitabu chao kikubwa cha dini, kilichoandikwa majina ya mababu wa kwao wote, akavaa miwani, akaanza kusoma. Alisoma kama anavyoita vibarua asubuhi.

"George!"

"Joji!" wakaita Tabarno na Taprandich. Kimya.

"Henry!"

"Henari!" Kimya.

"Albert!" Kimya. "Frederick!" Hilo liliwashinda, wakaliita nusu. Kimya vilevile. Ukurasa ukaisha, akafungua mwingine, hadi akafika kwa mtu aliyekufa Uingereza kabla Mzungu yeyote hajauona mto huu. Taprandich alipiga chafya mara mbili kwa sababu ya ugoro. Mtoto hata moja.

Bwana akafunga kitabu. Uso ulikuwa umemshuka, na masikini alikuwa baba tu wakati ule, hakuwa bwana wa mtu. Akatoka, akasimama mlangoni akiwapa mgongo.

"Na wa upande wako?" Tabarno akamuuliza Memsabu.

Memsabu akataja baba wa baba yake. Akataja ami zake wawili. Kimya.

"Wameisha?"

"Wameisha."

Lakini Tabarno alikuwa mkunga, na mkunga husoma nyuso za wanawake kabla hawajafungua kinywa. Akasogea karibu, akanong'ona, "Memsabu, kuna mtu anangoja nje, nawe humwiti."

Memsabu akaanza kulia. "Nikimwita, sitakuwa na nyumba."

"Usipomwita, hutakuwa na mtoto."

Maneno makali hayo, najua. Tabarno mwenyewe alisema baadaye kwamba yalimchoma ulimi. Lakini alikuwa amembeba yule kiumbe kifuani na kumwona anavyopungua, na hakuwa na muda wa kubembeleza.

Memsabu akafuta uso. Akasema, na safari hii hakunong'ona, "Gerhardus. Babu yangu, mzaa mama. Gerhardus Steenkamp."

"Geradusi!" akaita Tabarno.

Mtoto akakunja pua. Akafungua kinywa. Akapiga chafya, na kabla hawajacheka akapiga ya pili! Taprandich akapiga vigelegele, kisha akaziba mdomo kwa mkono, akikumbuka yuko nyumbani kwa nani. Tabarno akamweka mtoto kwenye ziwa. Akanyonya. Alinyonya kwa pupa hata akapaliwa.

Bwana Halsted akageuka mlangoni.

"Kaburu?" akauliza.

"Kaburu," akajibu mkewe. "Mama yangu alinikataza kusema. Nilitaka kukuambia kabla ya harusi. Nikaogopa."

Yule bwana hakupiga kelele. Alikwenda sebuleni akasimama mbele ya picha ya kaka yake muda mrefu. Aliporudi akamwambia Tabarno, "Hii jina hapana toka nje. Kama wewe nasema, wewe nakwenda. Ng'ombe yako, mbuzi yako, yote nakwenda."

"Bwana, mimi nitanyamaza," akasema Tabarno. "Lakini jina halikai ndani ya nyumba. Linakaa kwa mtoto. Ukilificha, utakuwa umemficha yeye."

Akanyamaza kweli. Wiki sita alinyamaza, na kunyamaza hakukuwa kipaji chake, mjue hilo, ukoo wetu mzima hauna kipaji hicho. Alikuwa na ng'ombe wanane na hakuwa na pa kuwapeleka.

Ikafika Jumapili ya ubatizo. Watu wa Klabu wote walikuja, magari yakajipanga, akina Memsabu wakavaa kofia za maua. Tabarno hakuruhusiwa kuingia kanisani, akasimama dirishani na kikapu cha nepi. Padre akauliza jina la mtoto.

"George Henry," akasema Bwana Halsted.

"Na Gerhardus," akasema mkewe.

Tabarno hakujua Kiingereza, lakini jina alilijua, na aliona kofia zote zikigeuka kwa pamoja. Akasema moyoni, ng'ombe wangu basi. Padre akashika kalamu, akamtazama baba, akangoja. Baba akamtazama mtoto. Akaangalia viatu vyake. Kisha akasema neno moja, na padre akaandika majina yote matatu.

Nyumbani zilikuwa zimewekwa meza, keki, sandwichi, chai ya watu arobaini. Mkate ukaanza kukauka. Hakuna gari lililokata kona. Magari yote yalikuwa yamekwenda Klabu. Memsabu alikaa peke yake mezani, amembeba mtoto, hali wala hanywi.

Bwana Halsted akamwita Tabarno barazani. Tabarno akaenda.

"Ita watu," akasema Bwana.

"Watu gani, Bwana?"

"Watu! Yote!"

Wakaja maskwota na wake zao na watoto, wakaketi kwenye nyasi, wakala keki zilizowangoja watu wa Klabu. Msije mkadhani yule bwana aligeuka malaika. Asubuhi yake kengele ya kazi ililia saa ile ile, na ardhi haikurudi kwa wenyewe. Lakini ng'ombe wa Tabarno hawakuguswa. Na siku ile akina mama walipompokezana mtoto mkono kwa mkono, bibi kizee mmoja alimuuliza baba mtu, kama inavyotupasa kuuliza, "Ni nani huyu aliyerudi kwenu?"

Bwana Halsted akatazama ng'ambo ya mto, kuliko na mashamba ya Makaburu. Akameza mate kama amemeza kwinini.

"Gerhardus," akasema. "Babu ya mama yake."

Basi, wajukuu zangu, mtu akikwambia damu yake ni ya aina moja tu, mwache aongee, umpe na chai. Wewe usiwe kama yeye. Waite wako wote, hata wale wanaokuaibisha, maana huenda aliyekushika mkono kuja duniani ni mmoja wao.

Kisa kimefika kwao, nami nimefika kwangu.