Chura Aliyeishiwa Utani

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mmeitika kama watu walioshiba. Sogeeni basi. Na wewe mwenye muhindi, tafuna polepole, nataka kuisikia sauti yangu."

Hapo zamani za kale, ingawa si kale sana, maana nyanya zilikuwa zimekwisha kuanza kupuliziwa dawa, palikuwa na mji mdogo uitwao Kibumbwe. Ulikuwa mji kwa jina, shamba kwa tabia. Ulikuwa na barabara moja, mashine mbili za kusaga, gulio kila Alhamisi, na majogoo waliovuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Katikati yake ulipita Mto Nyasengo. Maji ya kunywa, Nyasengo. Maji ya kupikia, Nyasengo. Maji ya kumwoshea bibi harusi miguu, Nyasengo hiyohiyo.

Chini ya daraja, kwenye dimbwi lenye matete, aliishi Chura na wanawe saba. Walikuwa viluwiluwi wadogo, vichwa na mikia tu, miguu bado.

Sasa, Chura na watu wa Kibumbwe walikuwa watani. Babu yake Chura ndiye aliyewaonyesha wahenga wa mji mahali penye maji, nao wakaapa kwamba mtani wao ni Chura mpaka jua lichoke kuchomoza. Na utani una sheria zake. Mtani akikuita mlafi, hukasiriki. Akisema umeoa sura ya mbuzi, hukasiriki. Unacheka, unamrudishia lako, naye anacheka, mnaagana. Na siku ya msiba, mtani ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa, ili machozi yasiwamalize.

"Na akikuambia kweli?" mtoto mmoja akauliza.

"Hapo ndipo penye hadithi, mwanangu. Tulia."

Kila kulipokucha, Chura aliuamkia mto kwa wimbo. Mimi nitakuwa Chura, ninyi mtakuwa mto.

"Mto wangu Nyasengo, jana umekula nini?"

"Nimekula nilicholishwa!"

Siku hizo mto ulilishwa majani makavu na mvua, na povu kidogo siku ya kufua. Ukawa na afya kuliko diwani.

Asubuhi moja Chura akaamka, akahesabu wanawe. Watano wanaogelea. Wawili wanaelea matumbo juu, weupe kama punje za wali. Maji yananuka dawa.

"Mto wangu Nyasengo, jana umekula nini?"

"Nimekula nilicholishwa!"

Chura akaufuata mto kwenda juu. Akaruka, akapumzika, akaruka, akapumzika, mpaka kwa Mzee Lubango, mkulima wa nyanya. Akamkuta amesimama majini hadi magotini, anasuuza bomba la kupulizia, na makopo matupu ya dawa anayaachia yajiendee na mkondo.

"Mtani," Chura akasema, "dawa yako imeshuka mpaka kwangu. Imeniulia wawili."

Mzee Lubango akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Wote saba ulikuwa unawalisha nini, mtani? Nimekupunguzia mzigo, na asante sijaiona."

Mtani akirudishiwa, hucheka. Ndiyo sheria. Chura akafungua kinywa chake kipana, akacheka. Kisha akarudi akiruka, na kila alipotua ilikuwa kama ametua juu ya mwiba.

Hazikupita siku nyingi. Maji yakaja mazito, mekundu, yamefuatana na nzi. Chura akahesabu wanawe. Wawili wanaogelea. Watatu wamenasa chini ya utando wa mafuta, hawakupata pa kuvutia pumzi.

"Mto wangu Nyasengo, jana umekula nini?"

"Nimekula nilicholishwa!"

Akaruka, akapumzika, akaruka, akapumzika. Safari hii hakwenda mbali, ni nyuma ya soko tu, kwenye machinjio ya Bwana Makwaya. Ilikuwa Alhamisi, watu wamejipanga wakingoja maini, na Makwaya anasukumia mtoni damu na mavi ya tumbo kwa beleshi. Chura akamweleza mbele ya watu. Akasema mto si jalala. Akasema wanawe watatu wamekufa kwa kukosa hewa, na kwamba hao wote waliojipanga watachota maji yaleyale kupikia hayo maini.

Makwaya akawageukia wateja wake. "Mnamsikia mtani? Watu wanalilia mfupa. Yeye analetewa supu mpaka mlangoni, na bado ananuna."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bibi mmoja akatoka, akamfuta Chura jasho kwa ncha ya kanga, kama anavyotunzwa mwimbaji. Chura naye akacheka, maana sheria ni sheria. Ila kicheko kilitoka na machozi, na watu wakaambiana kwamba leo mtani kafurahi mpaka analia.

"Angekasirika tu," akasema mwenye muhindi.

"Mtani hakasiriki. Akikasirika, yeye ndiye mkosaji. Ndivyo walivyoapa wahenga, na wahenga hawakuwa wameonja maji ya siku hizo."

Ikaingia masika. Na Kibumbwe walikuwa na desturi yao ya masika, watoto, msije mkaiga. Choo kikijaa, mwenye choo hungoja mvua kubwa. Ikishuka, hukitapisha. Hutoboa shimo ubavuni, uchafu hutoka, mvua huubeba, mto huupokea, na mwenye choo huingia ndani kunywa chai. Jirani hasemi kitu. Atasemaje, na yeye ana sururu mkononi?

Bi Mwajabu alikuwa na nyumba ya wapangaji, vyumba kumi na choo kimoja. Alikuwa pia na mjukuu wa miaka minne, Tunu, ambaye kila alasiri alikwenda darajani kuwamwagia viluwiluwi makombo ya andazi. Tunu aliwapa majina wote saba. Walipopungua, aliambiwa wamekwenda kutembea kwa shangazi.

Siku hiyo mawingu yalipofunga, Chura hakungoja kuhesabu maiti. Akaruka bila kupumzika. Akamkuta Bi Mwajabu nyuma ya choo, kajifunga kanga kiunoni, sururu mkononi, mvua inamtiririka.

"Bi Mwajabu," Chura akasema, "leo sikuja kwa utani. Hayo yakishuka, wanangu wamekwisha. Na ndoo ya Tunu inajazwa palepale wanapolala wanangu."

Bi Mwajabu akaegemea sururu, akamtazama kwa mapenzi. "Hivyo hasa ndivyo anavyosema mtani akitaka kutania kwelikweli. Umezidi, Chura. Hebu ingia ndani upate chai."

Akacheka. Akainua sururu.

Chura akakingoja kicheko chake kije. Hakikuja.

Kulipokucha akahesabu wanawe. Mmoja. Akamteka kwa kopo bovu lililojaa maji ya mvua, akalipakata.

"Mto wangu Nyasengo, jana umekula nini?"

"Nimekula nilicholishwa."

Ndiyo, hivyo hivyo, polepole.

Tunu akaanza kuhara. Zahanati ilikwisha kujaa, wagonjwa wamelala wawili wawili, wengine chini. Kila maji yalipomtoka, bibi yake alimnywesha mengine, kutoka ndoo ileile. Alimnywesha kwa upole, kwa kijiko, usiku na mchana. Siku ya tatu Tunu akafa.

Makaburini watu walikaa kimya wakimngoja mtani. Ndiyo kazi yake. Aje aseme marehemu alikuwa mwizi wa sukari, aje ajilaze kaburini agome kutoka, watu wacheke kidogo, wapate nguvu ya kuzika. Chura akaja. Hakuruka, alitembea, amepakata kopo lake. Akasimama kando ya kaburi. Wakangoja. Hakusema neno.

"Mtani," Mzee Lubango akanong'ona, "sema chochote. Tutacheka."

"Nilisema mara tatu," Chura akajibu. "Mkacheka mara tatu. Mlikwisha kukicheka na kicheko cha leo."

Mzee Lubango akachungulia ndani ya kopo. Akaona mkia mmoja. Akavua kofia, na hakuirudisha kichwani. Bwana Makwaya akatazama viatu vyake.

Chura akageuka, akaondoka na kopo lake kuelekea milimani, kwenye chemchemi. Tangu siku ile Kibumbwe hakuna chura anayelia, hata masika.

Wengine walipotawanyika, Bi Mwajabu alishuka darajani peke yake. Akasimama pale Tunu alipokuwa akisimama. Akaimba, kwa sauti iliyokauka:

"Mto wangu Nyasengo, jana umekula nini?"

Watoto hawakuitika.

"Jibuni. Ninyi ndio mto."

Kisha mwenye muhindi akasema, taratibu, "Nimekula ulichonilisha."

Basi, wanangu, mafunzo ni haya. Mto hauna jiko lake. Hula chakula chenu, na jioni huwapakulia kilekile. Na mtani wako akikuambia leo hatanii, weka sururu chini kwanza. Kucheka utacheka baadaye.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyekauka koo asiguse ndoo; yaliyochemshwa yamo kwenye birika.