Mwenye Wivu Hafungui Boneti

"Mwenye wivu hafungui boneti." Nimemwambia hivyo Kajiru, naye amenuna, na ninyi wengine mnauliza msemo huo nimeutoa wapi. Kajiru anataka kununua pikipiki kwa sababu jirani yake amenunua pikipiki. Ameiona mara moja tu, barabarani, ikipita. Haya, acheni kwanza kuosha hiyo tangawizi, mkae. Nitawaeleza msemo ulikoanzia, na sitawaficha kitu: mwenye wivu nilikuwa mimi.

Miaka hiyo, huku kwetu milimani Upareni, tulibeba tangawizi kichwani hadi barabarani, tukangoja lori la kukodi. Wifi yangu Nakijwa, dada wa babu yenu, akanunua pikapu nyeupe. Akajifunza kuendesha mwenyewe, na kila akipita mbele ya nyumba yangu alipiga honi. Leo najua alikuwa ananisalimia. Wakati ule kila honi ilinichoma roho.

Lakini aliyeniumiza zaidi ni babu yenu. Mnajua alikuwa fundi wa magari. Kabla dada yake hajanunua gari lile, alilikagua siku mbili nzima. Alfajiri alikwenda kuliwasha likiwa baridi, maana wauzaji hulipasha moto mapema ili mnunuzi asisikie likikohoa. Akalala chini yake, akagonga chesisi kwa nyundo kila mahali akitafuta kutu. Mimi nilikuwa na mlango wa jiko uliong'oka bawaba tangu mvua za vuli, na hakuna aliyeushughulikia. Siku zile hata ugali niliusonga kwa hasira.

Nakijwa alipolileta gari nyumbani, alifungua mlango wa mbele akasema, "Wifi, njoo upande."

Nikamwambia nina kazi. Uongo mtupu, sikuwa na kazi yoyote. Alipoingia ndani kunywa chai, nililipima gari lake kwa hatua, toka taa za mbele hadi za nyuma. Hatua sita.

Mama yangu, Mungu amrehemu, aliniachia ng'ombe wawili. Katika boma lote lile, hao ndio waliokuwa mali yangu mimi. Nikawauza, nikashuka Same kwa muuzaji wa magari yaliyotumika, bila kumuaga mtu. Pale uani palikuwa na pikapu moja nyekundu inang'aa.

"Karibu, mama," muuzaji akasema. "Unatafuta gari la kazi gani?"

"Natafuta refu."

Nikalipima. Hatua saba! Moyo ulinidunda kwa furaha, tena furaha mbaya.

"Nifungue boneti uone injini?"

"Ya nini? Iache. Honi yake inalia?"

Akaibonyeza. Ililia kuliko ya Nakijwa, na mimi sikuuliza tena kitu.

Nilipofika nalo nyumbani, babu yenu alitoka na spana mkononi. Akauliza nani amelikagua. Nikasema mimi. Alipogusa tu boneti, nikamfokea, "Usiguse! Kaguse la dada yako." Akanitazama, akarudi ndani.

Siku ya soko nilipakia magunia yangu yote ya tangawizi, nikavaa kitenge kipya, nikakaa mbele na dereva niliyemwajiri. Kabla ya kushuka kwenda Same kuna mlima mmoja wa kupanda, mnaujua. Hatukufika nusu yake. Moshi ulianza kutoka mbele, kisha ikaja harufu ambayo sikuitarajia. Gari langu lilinukia pilau. Dereva akaruka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu.

Nyuma yetu ikalia honi. Kati ya watu wote wa dunia hii, alikuwa Nakijwa.

Alishuka, akashika kipande cha kanga, akafungua boneti. Maji ya njano yalikuwa yametapakaa kila mahali.

"Bizari," akasema. "Rejeta imetoboka, wakaziba tundu kwa bizari. Maji yakichemka sana, bizari yote inatoka." Akagonga kwa kidole chuma kilichokuwa karibu, kikabanduka kipande cha kutu. "Wifi, hukuangalia humu uliponunua?"

"Muuzaji alitaka kufungua, nikamkataza."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa napima urefu."

"Urefu wa nini?"

Nikaona hakuna pa kujificha. "Nijue kama linalipita lako."

Nilingoja acheke. Ningekuwa mimi ningecheka hadi nikae chini. Yeye alifuta mikono kwa ile kanga.

"Wifi," akasema, "mimi ndiye niliyemwambia kaka alikague siku mbili. Alitaka kumaliza kwa siku moja. Nikamwambia, usifanye haraka, humo atapanda mkeo na mizigo yake. Kile kiti cha mbele ni chako. Tangu siku ile sijampa mtu."

Nililia pale mlimani, na kitenge changu kipya. Yale yote niliyoyaonea wivu, kule kulala chini ya gari na kule kugonga chesisi, yalikuwa yanafanywa kwa ajili yangu.

Tukahamisha magunia pamoja, nikakaa kwenye kiti changu, tukaenda sokoni. Gari langu jekundu likaburutwa hadi nyumbani. Babu yenu alifungua boneti, akatazama muda mrefu, nami nikasimama kando nikingoja matusi. Akasema tu, "Mwenye wivu hafungui boneti." Kisha akaenda kuutengeneza mlango wa jiko. Majirani waliokuja kushangaa walimsikia, wakaondoka na maneno hayo, na leo yanasemwa hata na watu wasiomiliki baiskeli.

Lile gari tuliliuza kama chuma chakavu. Ng'ombe wa mama hawakurudi, na mpaka leo nikipita kwenye zizi lile tupu natazama pembeni.

Sasa, Kajiru, babu yako yumo ndani, na nyundo yake anayo bado. Nenda kamwombe akusindikize, muiwashe hiyo pikipiki alfajiri ikiwa baridi. Unaona aibu? Hata mimi niliona aibu kumwomba. Mwenye wivu, mjukuu wangu, hafungui boneti.