Teke la Bunduki na Mbeleko Legevu

Wapendwa, watoto wanyonyeshwe, simu zizimwe. Mchungaji amenipa dakika kumi, na anajua mimi dakika kumi huzimaliza kwa salamu tu. Basi leo sisalimii.

Kulikuwa na bwana mmoja, huko vijiji vinavyopakana na pori la hifadhi. Marehemu baba yake alimwachia bunduki ya kuwindia, ya kibali halali, risasi zake nene kama kidole gumba. Bunduki hiyo ilikuwa na tabia: ikilia mbele, inamrudia na mwenyewe. Kila akienda kuwinda anarudi bega limeiva kama zambarau, shavu limevimba. Sasa wanawake kisimani waone hayo wanyamaze? "Mkewe kamtandika tena," wakasema. Na mkewe yupo hapo hapo, ndoo mkononi, anasikia.

Yule bwana akatafuta dawa. Akapigilia raba ya tairi kwenye kitako cha bunduki. Raba si mbaya, jamani, raba husaidia. Akaongeza sponji, kalichuna godoro la wageni. Akaongeza kanga ya mkewe, kaikunja mara nne ndani ya shati, bega likawa nundu ya ng'ombe. Teke likaja vilevile. Mnajua kwa nini? Kwa sababu aliiogopa. Akitaka kupiga, anaishikilia mbali na mwili kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenziwe aliyejikojolea. Kichwa kakigeuzia kule, macho kafumba, mgongo umerudi nyuma. Bunduki haijalia, yeye keshaumia. Wanyama wenyewe walishamzoea.

Jioni moja mkewe anamfunga mwanawe mgongoni, akamwambia, "Mume wangu, nikwambie neno?"

"Sema."

"Huyu mtoto ana mateke. Nikimfunga mbeleko legevu, ananichapa figo mpaka naona nyota. Nikimkaza, miguu anarusha ileile, lakini ananisukuma tu. Hiyo bunduki yako umeibeba kwa mbeleko legevu."

Mume akacheka hadi chai ikamtoka puani. "Tangu lini bunduki ikanyonya?"

"Haya. Endelea kuvaa godoro."

Ikafika miezi ya mahindi kukomaa. Saa nne asubuhi yule mama yuko juu ya dungu, kile kitanda cha nguzo ndefu cha kulindia shamba, mtoto mgongoni, anafukuza ngedere. Matete yakatikisika. Akatoka mbogo. Dume, la peke yake, mguu umeoza kwa jeraha la mtego, na mbogo mwenye jeraha hana mazungumzo na mtu. Akalipiga dungu kwa pembe. Nguzo zilikuwa nne. Moja ikaenda. Dungu likainama, mama akakamata fito, akapiga yowe ambalo mumewe alilisikia nyumbani. Akaja mbio, ile kanga keshaichomeka shatini kama kawaida yake, na bunduki na risasi mbili, kwa sababu ndizo zilizobaki nyumbani.

Anafika, nguzo ya pili inalia kaa, kaa. Mtoto analia. Mke anamtazama yeye.

Akainua bunduki. Na mwili ule ukakumbuka mateke yote ya miaka yote. Mikono ikaisukuma bunduki mbele, macho yakafumba. Paa! Risasi ikaenda kuwasalimia mawingu, kitako kikamtwanga taya, akaketi chini katikati ya mahindi, damu mdomoni. Nguzo ya pili ikavunjika.

Mbogo akageuza kichwa. Akamwona. Akaliacha dungu.

Ndugu zangu, niambieni, wewe ungekimbia? Ungekimbilia wapi, na mkeo na mwanao wametundikwa kwenye nguzo mbili?

Alisimama. Akaingiza risasi ya pili. Na msishangae nitakalosema: akaishika mbali tena. Bega limeshaumia, taya limeshaumia, basi akaisogeza mbali kuliko mwanzo. Mkewe kule juu akaona mwanga ukipita kati ya kitako na bega. Hakusema piga. Hakusema kimbia. Alipaza sauti:

"Kaza mbeleko!"

Mbogo kashusha kichwa, anakuja. Hatua thelathini. Ishirini.

"Kaza mbeleko, baba watoto! Kaza!"

Safari hii hakucheka. Akaitoa ile kanga shatini akaitupa. Akaivuta bunduki mpaka ikazama begani, shavu akalilaza juu ya mti wake, mguu mmoja mbele, akaiinamia kama mtu anayemwinamia mgonjwa amsikie. Macho wazi. Hatua kumi. Akavuta.

Mbogo alianguka pua ikichimba udongo, hatua tatu kutoka vidole vyake vya miguu.

Mkewe akateremka na mtoto. Mume bado kaibana bunduki, hajui kuiachia. Akauliza, "Mke wangu, mbona safari hii haikunipiga teke?"

"Imekupiga," mkewe akamjibu. "Ila teke halikupata uwanja wa kukimbilia."

Mmesikia? Miaka yote ile haikuwa bunduki iliyomvunja bega. Ni ile nafasi. Vidole vitatu vya hewa, na humo ndimo teke lilimochukulia mbio.

Na sisi je? Sisi tumeshika nini kwa mbali? Mama mkwe mgonjwa, unampelekea uji kwa mkono wa jirani. Kosa lako la mwaka juzi, unalizungukia kama shimo la choo. Ndugu uliyekosana naye, unasema "atanitafuta mwenyewe," unasema "nina shughuli," unasema "msalimieni." Hayo yote ni sponji. Tunavaa magodoro, halafu siku ya kukutana tunashangaa mbona tumeumia hivi.

Na msidhani ile nafasi huwa tupu. Humo tunakaa sisi wenye maneno. Tunalichukua la huyu tunalipeleka kwa yule, na njiani tunalitia chumvi kidogo, maana ni safari ndefu. Mimi nimekaa humo miaka, nimekula nikashiba, siwafichi. Leo nahama.

Kwa hiyo jina sitaji. Lakini benchi la tatu kushoto ni la watu watano, na leo wamekaa wawili. Mmoja kaganda ukutani, mwingine yuko kwenye ncha, nusu nje. Katikati pale unaweza kumlaza mgonjwa akajinyoosha. Mmoja kavaa kitenge cha picha za tausi, mwingine cha picha za funguo. Tumbo moja limewazaa, na mwenye tumbo hilo yuko hapa mbele yangu, tangu asubuhi hajaimba hata ubeti.

Kwaya, msianze. Tunangoja.

Kitenge cha tausi, sogea. Na wewe wa funguo, usingoje akufikie. Kaza mbeleko.